Fundo la Tatu

Mimi nilikuwa kipa,
kwa hiyo mabeki wangu nawajua kwa migongo.
Kahindi, namba mbili, jezi imetoboka begani.
Lali, anayejikuna shingo mpira ukiwa mbali.
Shekue wa kushoto, soksi moja chini daima.
Na kati yake na Lali, Ngumbao,
mgongo mpana kama mlango wa ghala,
asiyegeuka nikimwita
kwa kuwa alikwisha kufika nilikotaka kumtuma.

Mwalimu Barke alifundisha uashi chuoni, karakana ya pili,
na jioni alitufundisha sisi.
Hatukuwahi kumwona akipiga mpira.
Alikuja na kamba ya katani, ile ya kunyooshea matofali,
yenye vitanzi vinne,
akawavisha wanne viunoni, hatua nane baina ya mtu na mtu,
akapuliza filimbi:
mmoja akipanda, wote juu;
mmoja akirudi, kamba iwarudishe.
"Ukuta haumkimbizi mwizi," alisema.
"Humpotezea muda."

Wiki tatu walianguka kama mbuzi wa kigingi kimoja.
Wanafunzi wa ushonaji walikuja na vitumbua vyao, kucheka.
Wiki ya nne hawakuanguka.
Msimu mzima nilifungwa mabao manne,
mawili ya penalti,
na moja nililojifunga mwenyewe, sitaki kulizungumza.

Kwa kinyozi, pale Kisumu Ndogo, Malindi iligawanyika.
Waliokaa upande wa kioo: ni mwalimu!
Mawe bila timazi ni rundo la mawe.
Waliokaa upande wa mlango: ni Ngumbao!
Mpe fundi timazi, mpe pimamaji,
kisha mpe mchanga wa chumvi, tuione hiyo nyumba.
Kinyozi aliacha kichwa cha mtu nusu ili aamue.
Hakuamua. Mtu akaenda zake na nusu.
Nilipoulizwa mimi, nilisema ni kipa.

Mwaka uliofuata Ngumbao alimaliza chuo,
akapata kibarua Gongoni, mashamba ya chumvi.
Pahali pake akaingia Kitsao, mtiifu, mapafu ya punda,
asiyekosa zoezi hata akiwa na homa.
Kamba ile ile. Filimbi ile ile. Hatua nane.

Kilifi walitupiga matano.
Niliona ilivyokuwa: mstari ulinyooka mno, wa rula,
mpira ukapita juu yake kama kunguru juu ya ua,
na wanne wote wakageuka kwa pamoja, kwa nidhamu,
kunitazama nikiuokota wavuni.

Upande wa mlango ukashinda.
Mgema waliyemsifu, sasa walidai
tembo lake tangu zamani lilikuwa maji.

Mwalimu Barke hakujibu. Alinipa kamba nikaiweke stoo.
Nikiikunja, ndipo nilipoyashika mafundo.
La kwanza, gumu kama kokwa.
La pili, hivyo hivyo. La nne pia.
La tatu lilikuwa la kuteleza:
ukilivuta linakuachia hatua moja,
hatua moja tu, kisha linakaza.
Katani pale ilikuwa laini, imesuguliwa hadi inang'aa.

Nikakumbuka siku ile na vijana wa Mombasa.
Wote wanapanda, yeye amebaki nyuma, hatua moja,
kichwa upande, kama anayesikia sufuria ikichemka nyumba ya pili,
na mpira ukamjia miguuni kama paka wa nyumbani.
Nilimtukana, nakumbuka, kwa kuvunja mstari.
Mwalimu, ukingoni, alikuwa anatazama kucha zake.

"Ulijua?" nilimuuliza.
"Kitsao je, alijua?"
Hapana, nikasema. Hakuwahi kulivuta.
"Basi," akasema, akachukua kufuli.

Siku hizi Jumamosi nina watoto wa Muyeye, na kamba yangu.
Sijui nani ni nani bado,
kwa hiyo mafundo yote manne nayafunga ya kuteleza.
Miezi miwili hakuna aliyevuta.
Juzi, katikati ya zoezi, Dama, mdogo kuliko wote,
alisimama. Akashika kiuno. Akalitazama fundo,
kisha akanitazama mimi.

Nikatazama kucha zangu.